Kuharakisha Ala za Kompyuta katika Studio za Ukanda wa Tana

Ala ya programu ni chombo cha muziki kilichoundwa kwa rekodi fupi nyingi za chombo halisi, ziitwazo sampuli, ambazo kompyuta huzicheza kila mpigaji anapobonyeza kinanda. Kwa mtayarishaji wa muziki, yaani prodyuza, anayefanya kazi mjini Garissa au Kotile kwenye ukanda wa Mto Tana, ala hizo humpatia piano, fidla na ngoma ambazo asingeweza kuzinunua wala kuzihifadhi studioni. Hata hivyo, kabla ala haijatoa mlio wowote, sampuli zake sharti zisomwe kutoka kwenye diski, na katika kompyuta ya bei nafuu kazi hiyo huweza kula dakika kadhaa kila wimbo unapofunguliwa. Sehemu kubwa ya muda huo hupotea kwa sababu ya mpangilio mbaya, na kwa hiyo inaweza kuokolewa kwa maarifa kabla ya kuokolewa kwa fedha.

Chanzo cha subira hiyo huonekana katika hesabu. Katika rekodi ya kawaida, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na iwapo kila kipimo kinaandikwa kwa biti 24, yaani baiti 3, katika mikondo miwili ya kushoto na kulia, sekunde moja ya sauti huchukua baiti 264,600. Piano ina vibonyezo 88. Kila kimoja kikirekodiwa kwa viwango 10 vya nguvu ya kidole, na kila mlio ukidumu sekunde 10, zitapatikana sampuli 880 zenye ukubwa wa gigabaiti 2.3 hivi. Diski ngumu inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji sekunde 23 kuzipakia zote, na wimbo mmoja huweza kuwa na ala kumi za namna hiyo.

Hesabu hiyo bado haijagusa tatizo la pili. Diski ngumu ya kawaida ina sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea ambacho lazima kihame kila faili mpya inapotafutwa, na uhamaji huo huchukua kati ya milisekunde 10 na 20. Kwa faili 880 zilizotawanyika, kutafuta peke yake huchukua takribani sekunde 13, hata kama kinachosomwa ni kidogo sana. Diski za SSD hazina sehemu inayozunguka, na utafutaji wake huchukua chini ya milisekunde moja. Ndiyo maana kuhamishia sampuli kwenye SSD huleta nafuu kubwa kuliko badiliko lolote lingine la kifaa.

Ufumbuzi uliobadilisha fani hii ulikuja mwaka 1998, kampuni ya Marekani iitwayo NemeSys ilipotoa programu ya GigaSampler, ambayo haikupakia sampuli nzima. Programu hiyo iliweka mwanzo tu wa kila sampuli katika kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, yaani RAM, na sehemu iliyobaki ikasomwa kutoka kwenye diski wakati sauti tayari inasikika. Utaratibu huo ulienea, na unapatikana pia katika Kontakt, programu ya kampuni ya Ujerumani ya Native Instruments iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Kilobaiti 60 za mwanzo hutosha kucheza zaidi ya milisekunde 220, muda unaoitosha diski kutafuta sehemu inayofuata. Kwa piano iliyotajwa, mianzo yote 880 huchukua megabaiti 53 tu badala ya gigabaiti 2.3. Mwenye SSD anaweza kupunguza kiasi hicho zaidi, lakini mwenye diski ngumu akikipunguza kupita kiasi atasikia sauti ikikatika katikati ya wimbo.

Zipo hatua nyingine zisizohitaji fedha. Folda ya sampuli inapohamishwa, programu hulazimika kuzitafuta faili upya kila mara, hadi mtumiaji atakapoihifadhi ala ikiwa na anwani mpya. Sampuli zikikusanywa katika faili moja kubwa, kazi ya kufungua mamia ya faili hupungua, na zikibanwa kwa njia isiyopoteza ubora, diski huwa na kidogo cha kusoma. Programu ya kuzuia virusi nayo, ikiwa inakagua kila sampuli inapofunguliwa, inaweza kuelekezwa kuiacha folda hiyo, mradi sampuli zimetoka mahali pa kuaminika. Ala ambayo sehemu yake imekamilika inaweza kugeuzwa kuwa rekodi ya kawaida, kisha ikafungwa, ili isipakiwe tena wimbo unapofunguliwa siku nyingine.

Mazingira ya Garissa huongeza uzito wa mambo haya. Umeme unapokatika, kompyuta ya mezani hupoteza kila kilichokuwa katika RAM, na upakiaji huanza upya. Joto kali la ukanda huu nalo lina athari, kwa kuwa SSD za kasi kubwa hupunguza mwendo zenyewe zinapopata joto kupita kiasi. Kwa hiyo kompyuta inayopitisha hewa vizuri na iliyosafishwa vumbi huhifadhi kasi ambayo mwenyewe ameshailipia.

Faida kubwa zaidi ya ala zinazofunguka haraka, hata hivyo, ni ya utamaduni, kwa kuwa milio ya Wapokomo na ya Wasomali wa ukanda huu nayo inaweza kugeuzwa ala ya programu. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, jamii ya Mto Tana. Na Abdullahi Qarshe, anayeheshimiwa kama baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali na mpigaji mashuhuri wa kaban, yaani udi, alizaliwa Moshi mwaka 1924. Mradi wa Singing Wells, unaoiunganisha Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya Uingereza, umerekodi wanamuziki wa asili wa Afrika Mashariki katika maeneo yao. Rekodi za maonyesho, hata hivyo, haziwi ala ya programu mpaka kila mlio urekodiwe peke yake.

Atakayeifanya kazi hiyo kwa ngoma au kaban ya ukanda wa Tana anapaswa kufikiria upakiaji tangu siku ya kurekodi. Ukimya ulio mbele ya kila mlio ukatwe, kwa sababu hujaza RAM bure na kuchelewesha sauti. Na rekodi ya kinasa sauti kimoja isihifadhiwe kwa mikondo miwili, kwa sababu ukubwa wake huongezeka maradufu bila faida. Mapigo 120 ya ngoma, yenye urefu wa sekunde 2 kila moja, huchukua megabaiti 64 hivi kwa mikondo miwili, na nusu yake kwa mkondo mmoja. Ala nyepesi namna hiyo itafunguka hata katika kompyuta kuukuu ya kijana wa Kotile, na ni vijana kama yeye wanaostahili kuwa wa kwanza kuitungia nyimbo mpya.