Akiruhusiwa Hospitali, Je, Amepona?

Mama msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee aliyepatwa na kiharusi, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Dawa amepewa, mfupa umeunga, lakini bado hawezi kushika kijiko wala kwenda chooni peke yake. Msaada anaouhitaji sasa huitwa tiba ya utengamao, yaani mazoezi, mafunzo na vifaa vya kumwezesha kujitegemea kadiri inavyowezekana.

Huku Matongo, wilayani Tarime, huwa nawauliza wanafunzi wa uuguzi na utabibu wanalionaje somo hili. Wengine husema wazi kwamba haliwavutii. Upasuaji huonyesha matunda upesi, lakini mkono uliopooza huchukua miezi, na kazi hiyo, wasema, ni ya mtaalamu. Wengine hulipenda, ila hulalamika kwamba wamelisoma zaidi daftarini kuliko kando ya kitanda cha mgonjwa.

Hawa wa pili wana haki. Lakini wale wa kwanza wanipa hofu, kwa sababu mtaalamu yuko mbali. Ni kweli tunavyo vyuo: pale KCMC, Moshi, husomeshwa wataalamu wa tiba ya viungo, na tangu mwaka 1981 kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia. Hata hivyo, mgonjwa wa kijijini huambiwa aende Musoma au Bugando, Mwanza, na nauli hana. Muuguzi akikaa kumngojea mtaalamu, viungo hukakamaa na vidonda vya kulala huanza.

Wala si shida yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali ambayo tiba hii ingeweza kuisaidia. Ndiyo maana kila mwanafunzi wa afya apaswa kuijua angalau misingi yake: kumgeuza kila baada ya saa mbili mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kunyoosha viungo vyake polepole, na kutomwinua mgonjwa wa kiharusi kwa kuuvuta mkono uliolegea, maana bega laweza kuteguka. Mambo hayo, mwanafunzi aliyeyaelewa aweza kumfundisha mama kwa muda mfupi tu.

Asipofundishwa, mzigo humwangukia mama asiyejua aanzie wapi, au binti anayeachishwa shule ili amtunze bibi.

Kwa hiyo, mama, kabla hujatia sahihi karatasi ya ruhusa, uliza: "Tufanye mazoezi gani nyumbani? Mara ngapi kwa siku? Turudi lini?" Omba uonyeshwe, kisha ufanye wewe mwenyewe huku muuguzi akitazama. Na kama una mtoto anayesomea afya, mwulize amejifunza nini juu ya mgonjwa anayerudi nyumbani. Swali la mama humfanya kijana afungue tena daftari.