Lugha ya Wachache katika Sinema ya Norwei ya Miaka ya 1980

Katika miaka ya 1980, watengenezaji wa filamu wa Norwei walikabiliwa na swali linalozikumba jamii zote zenye wasemaji wachache: filamu izungumze lugha gani ili ivuke mipaka ya nchi? Filamu mbili za muongo huo zilitoa majibu yanayotofautiana.

Ya kwanza ni Orions belte (1985), iliyoongozwa na Ola Solum na kutokana na riwaya ya Jon Michelet. Yasimulia habari za mabaharia watatu wanaogundua kituo cha siri cha Kisovieti katika visiwa vya Svalbard. Ilitengenezwa kwa matoleo mawili, la Kinorwei na la Kiingereza, ili lugha isiwe kizuizi katika soko la nje.

Ya pili ni Ofelaš (1987), yaani "Mwongoza njia", ya Nils Gaup, Msami mzaliwa wa Kautokeino. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya hadithi iliyoigizwa kwa Kisami. Kisami ni cha ukoo wa lugha za Kiurali, pamoja na Kifini na Kihungari. Hakina nasaba na Kinorwei. Tangu karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, serikali iliwashurutisha Wasami wajigeuze Wanorwei, na lugha yao ikabanwa shuleni.

Kisa chatokana na masimulizi ya kale. Wachudi wanawaua jamaa za kijana Aigin, kisha wanamtaka awaongoze hadi kambi ya Wasami wengine. Anakubali, lakini anawapotosha milimani hadi wanaporomoka gengeni. Ujuzi wa nchi unaishinda silaha.

Mwaka 1988 filamu hiyo iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Tuzo ilikwenda Denmark. Mwaka 1989 Bunge la Wasami likafunguliwa huko Karasjok. Bunge hilo halikuletwa na sinema, bali na madai ya miaka mingi, yakiwemo maandamano dhidi ya bwawa la mto Alta. Hata hivyo, Ofelaš ilithibitisha jambo lenye uzito kwa mwanaisimu: udogo wa lugha hautokani na upungufu wa lugha yenyewe, bali na nafasi inayonyimwa. Ilipopewa nafasi, tafsiri iliyoandikwa chini ya picha ilitosha kuifikisha mbali.