Nakshi za Mikeka na Tarizi: Fahamu Haki za Wafumaji

Katika jamii za wafugaji wa Garissa na kaunti za Wajir na Mandera, nyumba ya asili, yaani aqal, ni ya mwanamke. Wanawake ndio husuka mikeka ya kuifunika, ndio huisimamisha, na familia inapohama ndio huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Msichana anapokaribia kuolewa, mama yake na jamaa zake wa kike humtayarishia mikeka ya nyumba yake mpya.

Ujuzi huo sasa uko hatarini. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na familia nyingi zilizopoteza mifugo zimehamia mijini na vituoni. Nyumba ya mabati haihitaji mikeka ya kuta, kwa hiyo wasichana wengi hawapati nafasi ya kujifunza. Kwa upande mwingine, baadhi ya mafundi wamehamishia nakshi za zamani kwenye vikapu, vitambaa vya meza na foronya za kuuza. Hapo ndipo swali la haki linapoibuka: nakshi hizo ni mali ya nani?

Kinachofumwa

Mikeka ya aqal hutengenezwa kwa nyasi, mizizi na nyuzi za magome ya miti. Magome hulainishwa kwanza, hata kwa kutafunwa, ndipo nyuzi zisokotwe. Kando ya Mto Tana, majani ya mkoma hutumika pia. Mikeka mingine huachwa ncha za nyuzi zikining'inia upande mmoja ili maji ya mvua yateremke, huku upande wa pili ukibeba nakshi: mistari, pembe tatu na maumbo ya almasi, wakati mwingine yakichanganywa na vipande vya kitambaa cha rangi.

Ufundi kama huo uko kwenye haan, chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi na kukazwa hadi kisivuje, kisha kufukizwa moshi na kupambwa kwa ngozi au kauri.

Mara nyingi nakshi hizi hazina picha ya mtu wala mnyama. Jina la nakshi, maana yake na wimbo ulioimbwa wakati wa kusuka vimo vichwani mwa wanawake walioisuka. Mwenye ujuzi akifariki kabla ya kuurithisha, mkeka utabaki lakini maelezo yake yatapotea.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinaitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2016: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni. Inagusa kazi za mikono, zikiwemo ususi, ushonaji na vitambaa.

Chini ya sheria hiyo, nakshi iliyorithiwa ni mali ya jamii nzima. Mtu wa nje anayetaka kuitumia kibiashara anatakiwa kwanza kupata idhini ya jamii. Mwanajamii hazuiwi kusuka, kutumia au kuuza mkeka kama ilivyo desturi.

Kazi mpya iko chini ya sheria nyingine. Fundi akibuni mchoro wake mwenyewe, tuseme kitambaa alichokitarizi kwa picha ya ngamia kisimani, huo unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Haki ni yake maisha yake yote, na ya warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Wakenya wameshaonja hatari ya kuchelewa. Katika miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Ilibidi ombi hilo lipingwe.

Mkazi afanye nini

Ulinzi wa sheria ya 2016 hautegemei usajili, lakini kumbukumbu zilizosajiliwa hurahisisha kuthibitisha kwamba nakshi ni ya jamii fulani. Sheria inazipa serikali za kaunti jukumu la usajili wa kwanza na kutunza kumbukumbu, huku hifadhi ya kitaifa ikiwa chini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).

Familia au kikundi cha akina mama kinaweza kuanza kwa simu ya mkononi. Piga picha ya kazi, kisha rekodi maelezo ya fundi kwa lugha yake, iwe Kisomali, Kimunyoyaya au Kiboni:

- Jina la nakshi na maana yake.
- Aliyemfundisha, na mahali alipojifunzia.
- Mmea au rangi iliyotumika, na jinsi inavyotayarishwa.
- Matumizi yake: harusi, kuhama, au kazi za kila siku.
- Jambo ambalo jamii haitaki litangazwe.

Omba ruhusa ya fundi kabla ya kurekodi au kusambaza picha. Kwa mwongozo zaidi, wasiliana na msimamizi wa wadi yako au idara ya kaunti inayoshughulikia utamaduni. Anza na mfumaji mwenye umri mkubwa zaidi katika familia.