Unabadilisha kulanti nyumbani? Mfikirie mtoto kwanza

Wenye magari wengi humwaga kulanti uani, watoto wakiangalia. Kimiminika hicho cha kijani, chekundu au cha buluu, kinachopoza injini, mara nyingi huwa na kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto hudhani ni juisi, na mafunda machache tu yanaweza kumuua.

Hatari ya kwanza ni kuungua. Injini ikiwa ya moto, kulanti huwa na presha. Ukifungua mfuniko wa rejeta huruka usoni na kifuani. Zima gari, liache lipoe kwa saa kadhaa, ndipo ufungue mfuniko taratibu ukiwa umeshika kitambaa. Anayeungua apoozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Kabla ya kufungua koki ya chini, waingize watoto ndani na ufunge mifugo. Kinga kwa beseni, usiliache bila mtu hata kwa dakika moja. Kulanti iliyotoka usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa kuwa hapo ndipo ajali nyingi za sumu nyumbani huanzia. Itie kwenye dumu lenye mfuniko, liandike SUMU, kisha lipeleke gereji inayopokea taka za magari. Iliyomwagika chini ifunike kwa mchanga, uzoe, uoshe.

Je, mtoto akinywa? Mwanzoni huwa kama mlevi: hupepesuka, husinzia, hutapika. Baada ya saa chache anaweza kuonekana ana nafuu. Usidanganyike. Wakati huo ini linageuza kemikali hiyo kuwa asidi, na chembe ngumu zinajijenga ndani ya figo. Ndani ya siku moja hadi tatu figo zinaweza kushindwa kufanya kazi.

Kwa hiyo usisubiri dalili. Usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ukidhani yataua sumu. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa au dumu alilonywea, na umwambie daktari saa aliyokunywa na kiasi unachokadiria. Matibabu yapo, yakiwamo dawa ya kuzuia sumu hiyo na kusafisha damu kwa mashine, lakini husaidia zaidi mtoto akifikishwa mapema.