Mvinyo wa Constantia: Sifa Imerudi, Waliolima Je?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hunikumbusha swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani zamani, nami nikalijibu vibaya. Tulikuwa tukiisoma riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility, iliyochapishwa mwaka 1811. Humo mna mama mmoja, Bi Jennings, anayeleta bilauri ya mvinyo wa Constantia ili kumtuliza binti aliyevunjwa moyo na mapenzi. "Mwalimu," mwanafunzi akauliza, "huko Constantia ni wapi?" Nilimjibu kwamba bila shaka ni mahali fulani Ulaya, kisha nikaendelea na somo.

Nilikosea. Constantia iko papa hapa Afrika, katika bonde lililo kusini ya mji wa Cape Town, nyuma ya Mlima wa Meza, mahali ambapo upepo wa bahari huyapunguza makali ya jua. Mimi si mnywaji, wala sikusudii kumfunza mwanafunzi yeyote kunywa. Hata hivyo, historia ya mvinyo huo ina mafunzo mawili ambayo sisi walimu hatuna budi kuyazingatia.

Mnamo mwaka 1685, Simon van der Stel, aliyekuwa mkuu wa makao ya Waholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema, alipewa ardhi katika bonde hilo, akaiita Constantia, akapanda mizabibu. Baada ya kufariki kwake mwaka 1712, shamba liligawanywa. Sehemu kuu, Groot Constantia, ilinunuliwa mwaka 1778 na Hendrik Cloete, na ni katika enzi yake na ya kizazi chake ambapo mvinyo ule mtamu ulipata fahari yake. Wafalme wa Ulaya waliuagiza. Napoleon, alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha St Helena tangu mwaka 1815 hadi kufa kwake mwaka 1821, alikuwa akipelekewa mvinyo huo.

Siri yake haikuwa uchawi. Zabibu za aina ya Muscat de Frontignan huachwa mtini hadi zinapoanza kunyauka. Maji hupungua ndani ya tunda, sukari nayo hukolea. Zinapokamuliwa, chachu hugeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa kileo, lakini kwa kuwa sukari ni nyingi mno, kiasi kikubwa husalia. Kazi hii yataka subira, maana zabibu hazinyauki zote kwa siku moja, na mchumaji hulazimika kurudi shambani mara kadhaa. Tena kishada kilichonyauka hutoa maji machache mno.

Lakini hakuna refu lisilo na ncha. Katika miaka ya 1860, mvinyo wa Rasi ulipoteza nafuu ya ushuru katika soko la Uingereza, na wateja wakageukia mvinyo wa Ufaransa uliokuwa karibu. Ukungu uliishambulia mizabibu. Mwaka 1885 Groot Constantia ikauzwa kwa serikali ya koloni, na katika miaka iyo hiyo akaingia filoksera, mdudu mdogo anayeila mizizi ya mzabibu mpaka ukafa. Kwa muda wa takriban miaka 100, mvinyo ule mtamu uliosifiwa ulimwenguni ukasalia kuwa jina vitabuni.

Mwaka 1980 Duggie Jooste alinunua Klein Constantia, sehemu ya shamba lile la kale, likiwa limechakaa. Wazo lilikuwa kuurudisha mvinyo wa zamani. Angaliweza kuchukua mvinyo wowote mtamu, akaubandika jina lile maarufu, na wanunuzi wasingekosekana. Hakufanya hivyo. Profesa Chris Orffer wa Stellenbosch, mtaalamu wa mizabibu, na mtengenezaji mvinyo Ross Gower walishiriki katika kazi hiyo. Kumbukumbu za kale zilichunguzwa, ikachaguliwa mizabibu iliyoaminika kuwa ya ukoo wa ile ya awali, ikapandwa upya. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1986, na chupa zake zikaingia sokoni mwaka 1990 kwa jina la Vin de Constance. Leo mvinyo huo unahesabiwa tena miongoni mwa mvinyo mitamu bora duniani.

Hili ndilo funzo la kwanza. Sifa iliyopotea hairudishwi kwa kujisifu, bali kwa maarifa na kwa subira ya kuanza upya mizizini. Ni shule ngapi humu nchini ambazo bado zaishi kwa sifa za wanafunzi waliohitimu miaka 30 iliyopita, ilhali maktaba zake zimefungwa na rafu zimejaa vumbi? Jina kuu bila kazi ni sawa na chupa tupu yenye kibandiko cha kupendeza.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Ni nani waliolima na kuchuma zabibu zile wakati wa fahari ya kwanza? Walikuwa watumwa. Kati ya mwaka 1652 na mwaka 1808, yapata watu 63,000 walipelekwa utumwani katika Rasi, kutoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia na pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Wengi walipokonywa majina yao, wakaitwa kwa majina ya miezi: Februari, Aprili, Septemba. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1834, lakini walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi mwaka 1838. Hata baada ya hapo, katika mashamba mengi ya eneo hilo, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Ulevi ukawa urithi, na hadi leo sehemu hizo zina idadi kubwa mno ya watoto waliodhuriwa na pombe tangu tumboni mwa mama zao.

Naamini basi kwamba ufufuo wa Constantia haujatimia. Utawala wa Rasi uliwaandika watumwa katika daftari rasmi tangu mwaka 1816, na majina mengine yamo katika orodha za mali za marehemu, pamoja na ng'ombe na mapipa. Ikiwa kumbukumbu za kale zimeweza kuirudisha ladha, zaweza pia kuwarudisha watu. Palipo na chupa ya mvinyo huo, na patajwe pia walioulima.

Sijui yule mwanafunzi wangu yuko wapi sasa. Huenda naye ni mwalimu. Iwapo atausoma ukurasa huu, nampa jibu nililopaswa kumpa siku ile: Constantia iko Afrika, mwanangu, na waliochuma zabibu zake, baadhi yao walitoka pwani hii yetu.