Bwana Maridadi na Nyayo za Baba Yake

Mtu asimamaye leo juu ya kilima cha Mosocho, karibu na mji wa Kisii, huona migomba, mahindi, chai na mabati ya nyumba zilizosongamana hata ukingoni mwa barabara iendayo Kisumu. Swala haoni. Watu wa Getutu wangali wanamheshimu chui, wamwitaye engo, kuwa alama ya ukoo wao, lakini vijana walio wengi wamemwona katika picha tu. Walakini mwaka 1909, huko Sotik, ambako siku hizi mtu hufika kwa basi kupitia Keroka, nyika ilikuwa imejaa kongoni, pofu, punda milia na simba wa kuwafuata. Na katika nyika hiyo walitembea baba na mwanawe waliokuja kutoka Marekani kwa ajili ya kuwinda.

Baba alikuwa Bwana Theodore Roosevelt, aliyetoka katika kiti cha Urais mwezi wa Machi mwaka ule ule. Mwana alikuwa Kermit, kijana wa miaka 19, aliyeacha masomo yake ya chuo kwa mwaka mmoja ili amfuate baba yake. Walishuka Mombasa tarehe 21 Aprili, 1909, pamoja na wataalamu wa wanyama watatu na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, maana wanyama wengi walitakiwa na nyumba ya makumbusho ya Smithsonian. Watu wa Gusii hawakuwa na nafasi ya kuwatazama wageni hao. Mwaka uliotangulia, Januari 1908, Otenyo alikuwa amemchoma mkuki Bwana Northcote, ofisa wa Serikali, na askari waliokuja baadaye walichoma nyumba na kuchukua ng'ombe wengi. Vidonda vya mambo hayo vilikuwa bado havijapona.

Wapagazi, kama ilivyo desturi yao, hawakukawia kuwapa wageni majina. Baba aliitwa Bwana Mkubwa. Kermit aliitwa kwanza Bwana Mdogo, kisha wakambadilishia wakamwita Bwana Maridadi, na jina hilo Roosevelt mwenyewe aliliandika katika kitabu chake cha safari, ingawa aliliendeleza vibaya. Kijana alijifunza Kiswahili, akawa mpanda farasi wa kuwakimbiza duma mpaka wachoke, na alibeba kamera pamoja na bunduki.

Baba hakuwa mpigaji hodari, naye hakuona haya kukiri. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika katika mchezo wa ngumi, na bila miwani hakuweza kufanya kazi. Basi kwa mtu wa namna hiyo uwindaji ulikuwa zaidi katika kunyatia kuliko katika kupiga. Mwindaji hana budi kujua upepo unatoka wapi, kutambaa kwa tumbo katika majani, kukaa kimya kama kisiki mnyama ainuapo kichwa, na kusogea tena ainamapo kula. Kazi hiyo ya saa nyingi humfundisha mtu tabia ya mwenzake kuliko mazungumzo. Katika barua zake Roosevelt alieleza hofu kwamba Kermit ni jasiri kupita kiasi; na katika hofu hiyo fahari yake ilionekana wazi.

Walipofika Khartoum mwezi wa Machi 1910, walikuwa wameua wanyama 512: baba 296, mwana 216. Hesabu hiyo humshtua msomaji wa leo, na ni haki imshtue, hata akikumbuka kwamba ngozi nyingi zilikwenda kwa wataalamu.

Miaka minne baadaye walikuwa pamoja tena, katika mto usiojulikana wa nchi ya Brazil. Huko baba aliumia mguu, akashikwa na homa kali, akasihi aachwe msituni ili wengine wapate kuokoka. Kermit alikataa kabisa. Akaendelea kuteremsha mitumbwi kwa kamba penye maporomoko, na baba akatoka hai, ila nguvu zake za kwanza hazikurudi. Tarehe 6 Januari, 1919, alifariki usingizini, naye Kermit alikuwa Ujerumani pamoja na jeshi la Marekani. Mwana aliyekataa kumwacha baba yake mtoni hakuwahi kumzika.

Mwaka uliofuata alitoa kitabu kiitwacho The Happy Hunting-Grounds, na sura ya kwanza ni ya baba yake na safari zao. Kisha, mwaka 1925, alishika njia yeye na kaka yake mkubwa, Ted, wakavuka milima mirefu ya Asia ya kati kutafuta kondoo wa mwitu mwenye pembe ndefu zilizosokotwa, ambaye huitwa kwa jina la Marco Polo. Mmoja wa wenzao alikuwa Bwana George Cherrie, yule yule aliyekuwa pamoja na Kermit na baba yake katika mto wa Brazil. Yamkini hakuchaguliwa kwa ujuzi wake wa ndege peke yake.

Mwaka 1929 ndugu hao walikwenda Uchina, na tarehe 13 Aprili wakamwona panda mkubwa. Walipiga bunduki kwa pamoja, ili asiwepo wa kusema kwamba mnyama ni wake. Katika safari hiyo hiyo wenzao walipata huko Laos paa mdogo aliyekuwa hajulikani kwa wataalamu. Mwaka 1932 alipewa jina la kitaalamu rooseveltorum, kwa heshima ya ndugu wote wawili.

Nyika haikumtosha Kermit daima. Pombe ilimshinda, na mwaka 1943, akiwa askari huko Alaska, alijiua.

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wala sheria ya wanyama ya mwaka 2013 haikuuruhusu tena. Kwa hiyo mzee wa Mosocho atakaye kumfundisha mwanawe kunyatia mnyama hana budi kuacha mkuki nyumbani, ashuke mpaka bonde la Lambwe, katika hifadhi ya Ruma. Huko ndiko peke yake katika Kenya nzima walikobaki korongo wa porini, nao ni wachache sana. Bonde hilo halikulimwa zamani kwa sababu ya mbung'o, waliowatisha wakulima na ng'ombe wao kwa ugonjwa wa malale. Basi korongo wanaishi kwa fadhili ya mdudu asiyependwa na mtu. Mnyama huyo ana masikio marefu, yenye vishungi vya nywele nchani, na huyageuza upesi sana. Atakaye kumkaribia na aanze kwa kutazama majani yanalala upande gani.