Kopo, kiwanja na ziwa: hesabu zinazowasumbua watoto wetu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeomba ukurasa huu ili tuongee juu ya jambo moja tu: hesabu. Si hesabu zote. Tunasema zile za maumbo, za vipimo na za takwimu, maana ndizo zinazowatoa jasho watoto wa sekondari, na ndizo zinazowafanya wengine waseme, "Mwalimu, mimi basi, naacha shule."

Tunajua maneno yanayosemwa nyumbani: eti hesabu ni ya wale waliozaliwa na kichwa. Hapana. Hesabu hizi tunazifanya kila siku bila kuziita kwa jina lake. Mama anayepima samaki sokoni anafanya hesabu ya ujazo. Fundi anayevuta kamba kabla ya kuchimba msingi anafanya jometri. Tatizo ni kwamba mtoto haoni kama kile kilichoandikwa ubaoni na kile kilichoko sokoni ni kitu kimoja. Basi leo tuyatembelee pamoja.

Shida ya kwanza ni lugha

Wengi wetu tulifika hapa wilaya ya Nchelenge kuanzia mwaka 2017, tukitoka Haut-Katanga na Tanganyika. Tulipitia Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Mtoto aliyeanza sekondari kule Pweto au Moba alikuwa anasoma kwa Kifaransa. Hapa mtihani wa taifa, unaotungwa na Examinations Council of Zambia, uko kwa Kiingereza. Nyumbani anaongea Kiswahili, sokoni Kibemba. Huyo mtoto yuko na lugha nne kichwani. Akikosa swali watu wanasema hana akili, kumbe alikosa neno moja tu katika swali.

Hata alama ndogo zinadanganya. Kule Kongo mbili na nusu tunaandika 2,5. Hapa wanaandika 2.5. Tena hapa koma inatenga maelfu: 1,500 ni elfu moja na mia tano. Mtoto aliyezoea shule ya Kifaransa anaweza kuisoma "moja na nusu". Basi tenki la lita 1,500 linageuka kuwa chupa ya lita moja na nusu! Hesabu yake yote itakuwa safi, lakini jibu litakuwa baya, na msahihishaji hatajua kwa nini.

Kwa hiyo darasani tunawafundisha hatua tano, na tunaomba nanyi muwakumbushe:

1. Soma swali mara mbili. Andika pembeni ulichopewa na unachotafutwa.
2. Chora. Hata kama huwezi kuchora vizuri, chora.
3. Andika kanuni kwanza, namba baadaye.
4. Weka vipimo vyote katika aina moja. Sentimita na mita hazikai chungu kimoja.
5. Ukipata jibu, jiulize: hili linawezekana? Nyumba yenye urefu wa mita 400 haiko hapa.

Kiwanja: kamba moja, mashamba matatu

Swali hili linapenda kurudi. Mtu yuko na kamba ya mita 40, anataka kuzungushia bustani ya mboga yenye pembe nne za mraba. Je, bustani itakuwa na eneo gani? Wanafunzi wengi wanajibu haraka kwamba kamba ni ileile, basi eneo ni lilelile. Sasa angalia.

Akifanya mita 18 kwa 2, mzingo ni mita 40, na eneo ni mita za mraba 36. Akifanya 15 kwa 5, mzingo bado ni mita 40, lakini eneo ni 75. Akifanya 10 kwa 10, mzingo ni uleule 40, na eneo ni 100. Kamba ni moja, lakini bustani ya mwisho inakaribia kuwa mara tatu ya ile ya kwanza!

Mzingo ni safari ya kuzunguka nje. Eneo ni ardhi iliyoko ndani. Mtoto akishika tofauti hiyo, amemaliza nusu ya maswali ya vipimo. Na mzazi akiishika, hatakubali kuambiwa "kiwanja chako na cha jirani ni sawa" kwa sababu tu mtu amehesabu hatua za kuzunguka.

Kamba ya fundi na Pythagoras

Mafundi wetu wa matofali wanajua siri hii hata kama hawakukaa sekondari. Ukitaka kona ya nyumba ikae sawasawa, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, halafu vuta kamba kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa ni mita 5 kamili, kona ni nyuzi 90. Ikipungua, kona imebana. Ikizidi, kona imefunguka.

Darasani tunaiita kanuni ya Pythagoras: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, ukijumlisha ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Inafanya kazi kwa nyumba yoyote. Msingi wa mita 5 kwa 4 unatupa 25 na 16, jumla 41, na kipeuo chake cha pili ni karibu 6.4. Kwa hiyo kamba ya kona kwa kona iwe mita 6 na sentimita 40. Pima kona zote mbili za mshazari. Zisipolingana, msimwage udongo kwanza.

Tunawaambia wavulana na wasichana: siku mtakapoona fundi anavuta kamba, simameni mtazame. Hilo ni somo la bure.

Kopo refu na mbasela

Twende sasa Kashikishi, sokoni, kwa mama wauza chisense. Samaki hawa wadogo wakavu wanapimwa kwa kopo. Kuna makopo mawili mbele yako. La kwanza lina mdomo wenye kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 20. La pili lina kipenyo cha sentimita 12 na kimo cha sentimita 24. Bei ni moja. Utachukua lipi?

Macho yanachagua lile refu. Hesabu inasema vingine. Ujazo wa kopo ni pai mara rediasi, mara rediasi tena, mara kimo. Rediasi ni nusu ya kipenyo, na hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanaingiza kipenyo chote, na jibu linatoka mara nne.

Kopo la kwanza: 22/7 × 7 × 7 × 20 = sentimita za ujazo 3,080. Hiyo ni lita 3 na kidogo.

Kopo la pili: 22/7 × 6 × 6 × 24 = karibu 2,715.

Kopo refu limepungukiwa na karibu 365, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi. Sababu ni kwamba rediasi inazidishwa mara mbili, kimo mara moja tu. Upana unaongeza nguvu kuliko urefu.

Halafu kuna mbasela. Mama mwenye roho nzuri anajaza kopo mpaka linafanya kichuguu juu. Kichuguu hicho ni umbo la koni, na koni ni theluthi moja ya mche duara wenye mdomo na kimo sawa nayo. Kichuguu kikiwa na kimo cha sentimita 6 juu ya kopo la kwanza: 1/3 × 22/7 × 7 × 7 × 6 = 308. Angalia vizuri: 308 ni sehemu ya kumi kamili ya 3,080. Kwa hiyo makopo kumi yenye kichuguu ni sawa na makopo kumi na moja yaliyosawazishwa kwa mkono. Anayenunua akisawazishiwa na kuuza akijaza kichuguu, anapoteza kopo zima katika kila makopo kumi na moja anayonunua. Hapo biashara ya mama inakufa, na hajui nani ameiua.

Ziwa letu na lile tuliloliacha

Ndugu wa Moba na Kalemie wanapenda kutuchekesha kwamba Mweru ni dimbwi. Tuwajibu kwa hesabu.

Ziwa Mweru lina eneo la karibu kilometa za mraba 5,120. Ziwa Tanganyika lina karibu 32,900. Ukigawanya unapata 6.4. Basi Tanganyika ni kubwa kama mara sita na nusu hivi. Lakini huo ni uso wa maji tu. Wastani wa kina cha Mweru ni karibu mita 7.5. Wastani wa kina cha Tanganyika ni karibu mita 570!

Ili kupata ujazo, tunageuza mita kuwa kilometa kwanza (hatua ya nne!). Mweru: 5,120 × 0.0075 = kilometa za ujazo 38.4. Tanganyika: 32,900 × 0.57 = karibu 18,750. Ukigawanya sasa, unapata karibu 490. Kwa uso, mara sita. Kwa maji yenyewe, karibu mara mia tano. Hilo ndilo somo: eneo na ujazo ni vitu viwili. Ndugu wa Moba wameshinda, lakini wameshinda kwa hesabu, si kwa kelele.

Wastani unaweza kudanganya

Mvuvi mmoja, tuseme, ameingia ziwani usiku saba. Alipata mabeseni haya: 4, 0, 5, 41, 3, 6, 4. Jumla ni 63. Ukigawanya kwa 7, wastani ni 9. Lakini hebu hesabu: ni usiku mara ngapi alipata 9 au zaidi? Mara moja tu. Ule wa 41 umevuta wastani wote juu.

Ndiyo maana mtihani unauliza pia namba ya katikati. Zipange kutoka ndogo: 0, 3, 4, 4, 5, 6, 41. Ya katikati ni 4. Na namba inayojirudia zaidi pia ni 4. Mtu anayepanga chakula cha nyumbani kwa kufuata 9 atalala njaa. Afuate 4. Wanafunzi wengi wanakosa alama hapa kwa sababu wanachukua namba ya katikati kabla ya kuzipanga.

Sasa hesabu hii ni ya wazazi. Hapa Zambia uvuvi unafungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Shule nazo zinafungua mwaka mpya Januari, katikati kabisa ya kufungwa huko. Tangu mwaka 2022 serikali imeondoa karo katika shule zake mpaka mwisho wa sekondari, lakini sare, madaftari na vifaa bado vinanunuliwa.

Tuseme familia inapata kwacha 900 kwa mwezi kutokana na samaki, kwa miezi tisa. Jumla ni 8,100. Lakini mwaka una miezi kumi na miwili. 8,100 gawanya kwa 12 ni 675. Hiyo ndiyo pesa yenu ya kweli ya mwezi. Ile 225 inayobaki ikiwekwa kila mwezi, mwisho wa Novemba mko na 2,025, ambayo ni 675 mara tatu. Januari inafika, na mtoto anaingia darasani na wenzake. Kila mwaka tunaona viti vitupu Januari, na mara nyingi aliyebaki nyumbani ni msichana.

Tunachoomba kwenu

Msimwambie mtoto, "Hata mimi hesabu ilinishinda." Neno hilo linamfungulia mlango wa kutoka. Mwambie, "Nionyeshe." Hata kama hukusoma, akikueleza wewe, anajifundisha mwenyewe.

Mpeni nusu saa kabla jua halijazama. Kwa msichana, maji na kuni vigawanywe na kaka zake, naye apate nusu saa hiyo. Rula na bikari vikiwa vigumu kununua, familia mbili au tatu zichange seti moja. Na yule wa miaka 18 aliyewekwa darasa moja na wa miaka 14 asichekwe. Vita ndivyo vilivyomchelewesha.

Maswali ya nyumbani

1. Uko na kamba ya mita 60 ya kuzungushia bustani ya pembe nne za mraba. Utaipanga vipi upate eneo kubwa kuliko yote, na eneo hilo ni kiasi gani?

2. Tenki la duara lina rediasi ya sentimita 70 na kimo cha mita 1.5. Linachukua lita ngapi? (Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Chukua pai kuwa 22/7. Tazama vipimo!)

3. Wanafunzi tisa walipata alama hizi: 52, 40, 73, 35, 60, 40, 55, 45, 50. Tafuta wastani, namba ya katikati, na inayojirudia zaidi.

Fanyeni nyumbani, baba, mama na watoto pamoja. Leteni karatasi zenu darasani, hata zenye makosa, maana tutajifunza kutoka kwenye makosa pia. Majibu na njia yake tutayaweka katika toleo lijalo. Mpaka hapo, tunawatakia kazi njema.